Silensa kwenye bastola ndogo kabisa: namba za kwenye boksi na za kwenye simu, niamini zipi?

Mlowezi_TX

Wakuu habari za wikiendi. Naombeni msaada maana jamaa zangu wa huku kila mtu ana lake. Niko Texas, grinikadi ninayo na kila kitu kimeandikishwa, nasema mapema kabla watu hawajaanza kuuliza umepata wapi.

Nina bastola mbili zile za kukaa mfukoni. Moja ni Beretta 21A Bobcat ya .22 yenye mtutu wa thredi (mdomoni una nyuzi za kufungia silensa), nyingine ni SIG P365 ya 9mm ambayo mtutu wa thredi niliununua pembeni. Ile kodi ya serikali ya dola 200 kwa silensa ilivyoshushwa kuwa sifuri Januari 2026 nikasema ngoja na mimi nijichukulie silensa, nikachukua ya .22 na ya 9mm.

Sasa tumeenda renji, tukaweka simu mezani na ile app ya kupima kelele, tukaanza kufyatua. 9mm bila silensa simu inasema desibeli 104, na silensa 101. .22 bila silensa 102, na silensa 98. Ukiangalia hizo namba ni kama hela nimetupa, lakini sikio linakataa kata kata, tofauti ni kubwa mno, hata jamaa wa meza ya tatu aligeuka kuangalia. Halafu boksi la silensa ya 9mm linasema 127. Yaani boksi linataja namba KUBWA kuliko simu na bado wanadai ni kimya? Hapo ndipo nilipopotea.

Na vingine viwili. P365 ikivaa silensa inapiga moja inakwama, lazima nivute slaidi (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma) kwa mkono. Bobcat haikwami ila inanitemea moshi na uchafu usoni hadi machozi. Hizi bastola ndogo zinafaa kweli kwa silensa au nimelazimisha?

kwani_hii_ni_muvi

Mbona kwenye muvi wanapiga "piu" tu na mtu wa chumba cha pili anaendelea kulala 😂 umeuziwa feki wewe

Fundi_Baruti

@Mlowezi_TX hiyo app baki nayo ya kupimia kelele za baa ya jirani, kwa bunduki haifai kabisa.

Mlio wa bunduki sio kelele ya mfululizo kama jenereta. Ni mshindo, presha inaruka juu ndani ya mikrosekunde chache na kila kitu kimeisha ndani ya milisekunde kadhaa. Maiki ya simu ikifika kwenye desibeli 120 hivi inalemewa, kilele chote kinakatwa, halafu juu ya hapo app inachukua wastani wa muda mrefu kuliko mshindo wenyewe. Ndio maana ukapata 104 na 101. Simu imegota dari mara zote mbili, inakuonyesha urefu wa dari yake basi. Sikio lako liko sahihi na simu haiko sahihi.

Bastola ya 9mm bila silensa, karibu na mdomo wa mtutu, inacheza kwenye 160 hivi. Na silensa nzuri inashuka kwenye 120 na kitu hadi 130. Desibeli sio kama kilo, usitoe 160 kwa 130 ukasema imepungua kidogo. Kila desibeli 20 presha inagawanywa kwa 10, kwa hiyo tofauti ya 30 maana yake presha imeshuka zaidi ya mara 30. Huyo wa meza ya tatu aligeuka kwa sababu hiyo.

Kwa wanaopima kweli kuna utaratibu wa jeshi la Marekani, MIL-STD-1474D, ambao wauzaji wengi ndio wanautaja. Maiki inawekwa mita 1 kutoka mdomo wa mtutu, kushoto, pembe ya nyuzi 90, na urefu wa mita 1.6 kutoka chini. Kifaa kiwe na uwezo wa kudaka presha inayopanda ndani ya mikrosekunde 20 au chini ya hapo. Mashine za zamani watu walizokuwa wanaziapia ni Larson Davis 800B na B&K 2209, siku hizi wanarekodi wimbi zima kwenye kompyuta kwa kasi kubwa wanalichora mwanzo hadi mwisho. Bei yake ukisikia utarudi kwenye simu yako bila kinyongo.

Sasa swali lako la boksi. Ile 127 inaweza kuwa ya kweli kabisa, ila uliza walipimia NINI. Mara nyingi ni bastola kubwa yenye mtutu wa inchi 4 au 5 na risasi nzito ya polepole. Wewe una mtutu wa inchi 3 na kitu tu, hata ukijumlisha kipande cha thredi. Hiyo namba haikukuhusu tangu mwanzo.

Fundi_Baruti

@kwani_hii_ni_muvi desibeli 127 ni karibu na msumeno wa mnyororo ukiwa umeuinamia, tena zaidi. Hakuna anayelala hapo.

Na kwa faida ya wengine, huyu aliyeanzisha haya mambo kibiashara ni Hiram Percy Maxim, alipata hataza yake Marekani mwaka 1909. Baba yake ndiye yule Hiram Maxim aliyetengeneza bombomu lililowamaliza watu huku kwetu enzi za Wajerumani na Waingereza. Mzee alipiga bunduki hadi akawa kiziwi, mtoto akaja na kifaa cha kupunguza mlio. Familia ina mambo hiyo.

Bibi_Shabaha

Fundi umeongea vizuri ila umemwacha mwenzetu nusu njia. Namba ya mdomo wa mtutu kwenye bastola ndogo haitoshi, inadanganya kabisa.

Mdogo wangu Mlowezi, nisikilize. Kwanza mtutu mfupi. Baruti inahitaji nafasi ya kuungua, mtutu wa Bobcat ya kawaida ni inchi 2.4 hivi, risasi inatoka nje wakati nyuma yake gesi bado ina presha kubwa na baruti nyingine haijaungua. Bila silensa ndio unaona ule mwali na mshindo mkubwa usioendana na udogo wa kitu chenyewe. Ukiweka silensa, kazi yote hiyo inaangukia humo ndani. Silensa ile ile kwenye bunduki ya .22 yenye mtutu wa inchi 16 kwa risasi za polepole unasikia pini inagonga basi, kwenye Bobcat unasikia mlio. Silensa haijaharibika, imepewa mzigo mkubwa zaidi.

Pili, na hapa ndio watu hawaangalii, gesi haitokei mbele peke yake. Bobcat ni bloobeki, mtutu umekaa palepale na slaidi inasukumwa nyuma na ganda lenyewe, haina kufuli. Silensa inachelewesha gesi kutoka mbele, sasa itapita wapi? Inarudi. Slaidi inafunguka mapema, presha bado ipo kwenye mtutu, inatoka kwenye dirisha la maganda sentimita chache kutoka usoni kwako. Moshi, chembe za baruti, vipande vya risasi, na SAUTI. Maiki iliyoko mita moja mbele kushoto haioni hiyo vizuri. Ndio maana wanaojua wanaweka maiki ya pili karibu na sikio la mpigaji, sentimita 15 hivi, na ukiona mtu ana namba ya mbele peke yake kwa bastola ndogo jua amepima nusu.

Na Bobcat ina lake zaidi. Kitu hicho hakina kile kidole cha kuvuta ganda. Ganda linatoka kwa kusukumwa na gesi iliyobaki, ndio maana waliuwekea ule mtutu wa kunyanyuka, risasi ikigoma kuwaka hakuna cha kuivuta, unanyanyua mtutu unaichokonoa. Sasa ukiongeza silensa gesi ya kurudi ni nyingi kuliko ilivyopangiwa, ganda linatoka kwa fujo na uchafu nyuma yake. Kwa hiyo kutokukwama kwako na machozi yako ni sababu moja hiyo hiyo. Vaa miwani iliyofunga pembeni, sio ile ya kusomea.

Masikio pia. Marekani kikomo kinachotumika kwa mshindo ni desibeli 140 za kilele, watu wanaona 127 kwenye boksi wanavua vizibo. Hiyo ni mbele, kwenye sikio lako kwa bastola ya bloobeki unaweza kuwa mahali pengine. Na madhara yanajumlishana risasi kwa risasi. Mimi vizibo sivui, hata nikiwa na .22.

Mlowezi_TX

Dah Bibi nimekuelewa, nilikuwa nadhani nimefunga vibaya. Sasa kama vifaa vya kweli ni bei hiyo mimi mtu wa kawaida nipime na nini? Au niache kupima nisikilize tu?

Fundi_Baruti

Kwa kulinganisha ya kwako mwenyewe sikio na utaratibu vinatosha. Piga mahali pa wazi, sio renji ya ndani, maana paa na kuta zinarudisha sauti na kila kitu kinaonekana sawa. Risasi za aina moja, boksi moja. Mtu asimame pembeni asijue ni ipi inapigwa, na wewe mpigaji usiwe hakimu wa peke yako maana unasikia dirisha la maganda zaidi ya kila mtu. Ukitaka namba soma za watu wanaopima kama kazi, kuna PEW Science kwa mfano, wanachapisha wimbi la mdomo wa mtutu na la sikioni tofauti tofauti, na hawakimbilii kilele peke yake wanaangalia na muda mshindo uliokaa.

Na usichanganye risasi ya kwanza na zinazofuata. Ya kwanza ikiwa silensa imekaa na hewa safi huwa na mlio mkubwa zaidi, oksijeni iliyomo ndani inawasha mabaki ya baruti mara ya pili humo humo. Kuanzia ya pili ndani kumejaa moshi, hakuna cha kuungua. Wapimaji wazuri wanaitaja ya kwanza peke yake, wauzaji wengine wanaimeza kwenye wastani. Kwa bastola ya mfukoni ya risasi 7 ile ya kwanza ni sehemu kubwa ya maisha yake, usiipuuze.

@Bibi_Shabaha kwenye maiki mbili nakubali. Ila hapo kwamba namba ya mbele inadanganya nakataa. Inajibu swali la jirani na la mbwa wako, la sikioni linajibu swali la mpigaji. Zote ni za kweli.

Bibi_Shabaha

Mtu ananunua silensa kwa ajili ya nani, jirani au masikio yake? Boksi halisemi "namba hii ni ya jirani". Mimi nasimama palepale.

Msee_wa_Ohio

Wacha niingie kwa hiyo ya P365 kwa sababu iyo story naijua vizuri.

P365 si bloobeki, inafunga. Mtutu unarudi nyuma kidogo pamoja na slaidi alafu unainama ndio ufunguke, ni ile system ya Browning. Sasa wewe umeenda kuning'iniza chuma ya gramu 250 ama 300 mbele ya mtutu wa bastola yenye mzima mzima ni kama nusu kilo. Mtutu umekuwa mzito, hauna nguvu ya kurudi na kuinama kwa wakati, slaidi haifiki nyuma yote, inakwama. Kwa bastola kubwa shida ni hiyo hiyo lakini huwa na nafasi ya kusamehe, slaidi ni nzito na safari yake ni ndefu. Hizi ndogo slaidi ni nyepesi, spring ni kali, safari ni fupi, kila kitu kimebanwa.

Angalia kama silensa yako iko na busta, wengine huita Nielsen. Ni pistoni na spring ndani ya kitako cha silensa, ikipigwa inaachanisha uzito wa silensa na mtutu kwa ile nukta mtutu unafunguka, mtutu unahisi kama haujabeba kitu. Kama ulinunua ukaifunga na ile spesa ya chuma ya bunduki ndefu, umejifunga mwenyewe. Spesa ni ya mtutu ambao hausongi, kama Bobcat, ama Walther PPK. Ukiweka spesa kwa P365 itakwama mpaka Yesu arudi. Ukiweka busta na bado inakwama, safisha pistoni upake grisi, alafu jaribu kupunguza urefu kama silensa yako ni ya vipande, toa kile cha mbele. Itakuwa na kelele kidogo zaidi lakini itajipakia.

Risasi nayo. Sauti angani kwa joto la nyuzi 20 inaenda mita 343 kwa sekunde, risasi ikipita hapo inapasua hewa njia nzima na silensa haiwezi fanya kitu juu ya hiyo, iko nyuma. 9mm ya grein 115 (grein ni kipimo cha uzito wa risasi) kwa mtutu wa inchi 3 inatembea karibu sana na huo mpaka, na hapa Ohio Januari baridi ikishuka kwa sifuri mpaka wenyewe unashuka ukakuwa 331, kwa hivyo boksi ile ile iliyonyamaza Julai inaanza kupasua wakati wa baridi. Watu wanalaumu silensa. Chukua grein 147, hiyo haifiki huko hata ikitaka.

Kwa .22 ni kinyume. Usitupe pesa kwa zile risasi za polepole. Ile ya kawaida ya haraka ambayo kwa bunduki ndefu inapita kasi ya sauti, kwa mtutu wa inchi mbili na nusu haikusanyi hiyo kasi, tayari iko chini. Ukiweka ya polepole kwa Bobcat unaweza kosa nguvu ya kusukuma slaidi bure.

MtuWaKahama

Nimesoma yote sijamiliki hata manati 😅 ila swali, kwa nini mtu anunue silensa kwa bastola ndogo ya mfukoni? Ukiifunga silensa inakuwa ndefu kama ya kawaida, mfukoni haiingii tena. Na bongo hii kitu inaruhusiwa?

Bibi_Shabaha

@MtuWaKahama umeuliza la maana kuliko wengi. Mfukoni haiingii, hilo ni kweli. Watu wanafanya kwa sababu .22 ndogo ni raha kupigia makopo shambani bila kutisha ng'ombe, na kumfundishia mtu mgeni ambaye anaogopa mlio. Beretta wenyewe wameleta 20X, ndugu yake Bobcat, ikiwa na mtutu wa thredi na sehemu ya kuweka sight (kilengeo) ya nukta juu. Hiyo sight sio urembo, silensa nyingi za 9mm ni nene kuliko urefu wa sight za kawaida za bastola ndogo, unalenga unaona silensa tu. Kampuni ya SilencerCo walitatua kwa silensa yao ya Osprey kwa kulisogeza tundu liwe juu, mwili wote uning'inie chini. Za .22 ni nyembamba, inchi moja hivi, tabu yake ni ndogo.

9mm ya mfukoni na silensa mimi naona ni kujitesa. Imebishana na umbo lake.

Ya bongo usilete mchezo. Silaha Tanzania ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, mwulize polisi wa silaha kabla hujaagiza hata skrubu. Kuna nchi kama Norway na Finland wawindaji wanazitumia kama kitu cha kawaida tu, Uingereza kwenye bunduki za kuwindia ni kawaida ila kwa kibali. Kila nchi na lake.

Msee_wa_Ohio

Na wale mko Marekani msione kodi imekuwa sifuri mkadhani imekuwa kama kununua mkate. Kodi ndio imeenda, usajili wa tangu 1934 uko pale pale, fomu ya maombi inaitwa Form 4, alama za vidole, picha, na unangoja jibu ndio ubebe. Majimbo nane hayaruhusu raia kuwa nayo kabisa, California, New York, New Jersey, Massachusetts, Illinois, Delaware, Hawaii na Rhode Island, pamoja na DC. Mwenye grinikadi sawa. Lakini kijana wa viza ya masomo ama ya kazi, sheria ya federal inakukataza hata hiyo bastola yenyewe mpaka uwe na moja ya zile ruhusa maalum, na kushikwa nayo ni safari ya airport ya JKIA Nairobi bila kurudi. Ongea na wakili kwanza, usiongee na muuzaji wa gun show.

Mlowezi_TX

Mrejesho wakuu. Nimefungua kitako cha silensa ya 9mm, ni spesa kweli! Yule wa dukani aliniwekea bila kuuliza ni ya bastola gani. Nimeagiza pistoni. Bobcat nimepiga na miwani ya kufunga na risasi za kawaida za haraka, haipasui hewa kweli, mlio wake ni wa kama mtu anapiga kofi kwenye meza na ile kata-kata ya slaidi. Mke wangu alikuwa nyuma hatua kadhaa anasema hajasikia tofauti kati ya kwanza na zilizofuata, mimi niliyeshika nimesikia.

Swali la mwisho, huu mtutu wa pembeni wa P365 nauamini vipi kwamba thredi zimechongwa sawa?

Fundi_Baruti

Usiamini, pima. Kuna fimbo ya chuma ya kupimia, ya kipenyo cha risasi, unahakikisha bastola haina kitu, unaipitisha kwenye mtutu hadi itokeze kwenye mdomo wa silensa, unaangalia kama imekaa katikati ya tundu. Ikiegemea upande usipige hata moja, risasi itagonga vizuizi vya ndani na silensa iliyotoboka kwa ndani kutengenezwa kwake ni kwa mwenye leseni, sio kwa fundi wa mtaani. Ukishaweka pistoni pima tena upya, maana pistoni nayo ina thredi zake.

Na ya .22 ifungue uisafishe mara kwa mara. Risasi za .22 nyingi kichwa chake ni madini laini ya risasi (lead) matupu, uchafu wake unaganda humo ndani kila siku. Iache mwaka mzima uone kama vipande vitatoka. Na hayo maji utakayosafishia usimwage kwenye sinki la jikoni, ni sumu hiyo.

kwani_hii_ni_muvi

kwa hiyo "piu" haipo kabisa?

Msee_wa_Ohio

Iko, kwa Welrod ya Waingereza ya vita vya pili. Hiyo ilikuwa unafungua kwa mkono kila risasi, hakuna slaidi ya kutembea, hakuna dirisha la kufunguka mapema. Risasi ya .32, polepole, na silensa ndiyo bastola yenyewe karibu yote. Lakini ukishapiga moja, ya pili unaisokota kwanza kama bolt ya mlango.

Mlowezi_TX

Pistoni inafika Alhamisi. Nitaleta majibu, safari hii simu inabaki kwenye gari.